Maabara Iliyong'aa Kupita Kiasi

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, mwanamke aliyevaa koti jeupe ameinamia sinki na kutega sikio kwenye bomba kavu, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Bomba liko kimya. Ananyoosha mgongo, anatazama saa ya ukutani, anainama tena.

"Leo limechelewa," anasema. "Jana saa hizi lilikuwa limeshaanza kukohoa."

Dakika nne baadaye bomba linakohoa kweli. Linatema hewa, linatema tope kidogo, kisha maji yanakuja, membamba kama utambi wa taa. Mwanamke anashusha pumzi inayosikika mpaka mlangoni, halafu anasogeza ndoo ya kwanza. Nyuma yake zimepangwa nyingine kumi na saba.

Hii ndiyo maabara pekee ya shule ndogo ya sekondari ya serikali yenye wanafunzi 158 na walimu tisa. Yeye ni mtunza maabara. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza ndani ya uzio huu. Wanafunzi wanamwita Tindikali. Wanadhani hajui. Amejua tangu wiki ya kwanza, na hajawahi kulikataa jina hilo.

"Wanasema maneno yangu yanaunguza," anasema, huku akifungua kabati kwa funguo anazozivaa shingoni. "Vizuri. Bora wachomwe na mdomo wangu kuliko na kilichomo kwenye hizi chupa."

Saa kumi na moja kamili wanaingia wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha nne, macho mazito, sweta zimevaliwa juu ya sare. Wasichana wametoka bwenini, hatua hamsini tu kutoka hapa. Wavulana wa kutwa wamesindikizwa na wazazi wenye tochi, ambao wanageuka getini bila kuaga. Hakuna kelele. Kila mmoja anaijua meza yake, na kila mmoja anajua kwamba ndoo yake ni moja na nusu, basi.

Mwalimu wa kemia, kijana mwembamba anayepiga miayo kwa zamu na wanafunzi wake, anaandika ubaoni kazi ya leo. Yeye mwenyewe alikuwa katika kundi la kwanza la alfajiri, miaka tisa iliyopita, meza ya tatu kutoka dirishani. "Nilirudi nikiwa mwalimu, lakini mama huyu bado ananihesabia maji," anasema.

"Kwa sababu bado unamwaga," Tindikali anamjibu bila kugeuka.

Sababu ya kuamshana usiku namna hii ni bomba hilo hilo. Maji hufika hapa saa kumi na nusu, yakiamua, na kukatika saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo ni mpaka kesho. Mapipa mawili makubwa ya shule ni ya jiko na vyoo, na hakuna mwenye akili atakayeyagusa kwa ajili ya kemia. Kundi moja la wanafunzi, tangu kupima dawa hadi kuosha vyombo, linamaliza ndoo kumi na nane. Kwa hiyo majaribio yakahamia pale yalipo maji: siku tano kwa wiki, kila siku kundi moja, hili la kidato cha nne likirudi mara mbili, kabla ya jua.

Ratiba iliyobandikwa ofisini haina habari hizo. Huko imeandikwa kwamba maabara hutumika saa tano asubuhi. Saa tano asubuhi, ukweli wenyewe ni kwamba wanafunzi wako darasani wakiandika ripoti ya walichokifanya alfajiri, na maabara imefungwa, kavu.

Hii ni Jumatano. Kesho wanakuja wakaguzi.

*

Kila mtu shuleni anazijua tarakimu mbili: 46 na 50. Mwaka juzi wakaguzi wa ubora walikaa siku mbili, wakapima kila kitu kuanzia paa hadi daftari la mahudhurio, wakaipa shule alama arobaini na sita kati ya mia. Zinazotakiwa ni hamsini. Shule inayoshindwa mara mbili mfululizo inaunganishwa na shule kubwa iliyo karibu, na iliyo karibu na hii iko kilomita kumi na nne.

"Kuunganishwa" ni neno la kwenye barua. Watu wa hapa wanasema kufungwa.

Msichana mmoja wa meza ya kwanza, anayetaka kuwa mfamasia, anaeleza maana yake kwa ufupi wakati akisuuza chupa yake. "Mama amesema shule ikifungwa nitakaa nyumbani kwanza. Hiyo 'kwanza' ya mama naijua. Dada yangu naye alikaa kwanza."

Tindikali amesikia. Anachukua chupa mkononi mwa msichana, anaiangalia kwenye mwanga, anairudisha isuuzwe tena.

Wanafunzi wanapoondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, meza ya nne imebaki na doa la zambarau lenye ukubwa wa sahani. Mvulana mmoja amemwaga pamanganeti, ile dawa ya chembe nyeusi ambayo ikigusa maji inageuka zambarau na ikigusa mbao haitoki kirahisi. Tindikali ameshalisogelea na kitambaa. Mkono unasimama hewani. Anaketi kwenye stuli, kitambaa mapajani, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaonekana mtu mwenye umri wake.

"Nikwambie jambo," anasema. "Mkuu wa shule hajui. Mwalimu hajui. Ile arobaini na sita ni yangu mimi."

*

Ili uelewe, lazima ujue alikotoka. Aliajiriwa hapa akiwa na miaka ishirini na minne, mfagizi, na elimu yake ilikuwa ya msingi tu. Maabara ilikuwa chumba chake cha mwisho kila siku. Mzee aliyeitunza wakati huo alikuwa mkali kama yeye alivyo leo, na alimruhusu kufagia kwa sharti moja: asiguse kitu asichoweza kukitaja jina. Basi akaanza kujifunza majina. Alinakili lebo za chupa kwenye karatasi za sukari, akaenda nazo nyumbani, akazisoma akipika.

Mzee alipostaafu, yeye ndiye pekee aliyejua kila chupa ilipo. Walimpa koti kwa muda, wakitafuta mtu. Mtu hakupatikana. Alipelekwa mafunzo ya miezi miwili, na akiwa na miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili, alifanya mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika maabara hii hii. Kwa kuwa alikuwa mtahiniwa, shule ilileta mtunza maabara kutoka kwingine kuandaa vyombo siku hiyo.

"Alikuwa hajui kuosha," anasema, na hasira bado ni mbichi. "Nilifanya mtihani huku moyo unaniuma. Nilitaka kunyoosha mkono niombe kwenda kuosha upya."

Alifaulu. Lakini ndani ya koti jeupe mfagizi hakuondoka. Usafi kwake ni heshima, ndicho cheti chake cha kwanza. Ndiyo maana, mwaka juzi, aliposikia wakaguzi wanakuja, alifanya alichojua kukifanya.

Alisugua meza zote kwa msasa mpaka madoa ya miaka yakatoka, akazipaka vanishi. Chupa zenye pembe zilizomeguka akazifungia stoo, akatoa seti mpya iliyokuwa bado na karatasi za kiwandani. Lebo zilizofifia kwa kudondokewa na dawa akaziandika upya, zote mia moja na tisa, kwa mwandiko wa kalamu moja. Makoti ya wanafunzi yenye matundu ya kuungua akayapeleka nyumbani kuwa matambara. Siku ya ukaguzi ungeweza kula chakula sakafuni. Mkuu wa shule alimsifia mbele ya wanafunzi wote, wakapiga makofi.

Miezi miwili baadaye ripoti ilifika. Aliisoma ikiwa imebandikwa ubaoni ofisini, akiwa na ufagio mkononi. Sentensi moja anaikumbuka kama sala: "Maabara ni safi na ina vifaa, lakini hakuna dalili yoyote kwamba wanafunzi wanaitumia." Alama mbili kati ya kumi na tano.

"Nilisoma mara nne nikidhani ni ya shule nyingine," anasema. "Halafu nikapiga hesabu. Wangetupa sita tu. Sita! Tungefika hamsini. Nilisugua alama za watoto wa watu kwa mikono yangu, na vanishi juu."

Daftari la kumbukumbu za maabara lingeweza kuwaokoa, lakini nalo lilikuwa jeupe. Miaka minne iliyopita ulitoka waraka: mwanafunzi yeyote asiwe kwenye masomo kabla ya saa moja asubuhi. Nia ilikuwa njema, watoto walale. Mkuu wa shule alifikiri siku tatu, kisha akaamua jambo ambalo wakuu wengi wangeamua: majaribio ya alfajiri yaendelee, ila yasiandikwe popote.

Tangu hapo kazi bora kuliko zote katika shule hii inafanywa kama wizi.

*

Saa nne asubuhi, mkuu wa shule anawakusanya wafanyakazi wote. Ni mwanamume mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Anasoma orodha kwenye karatasi: vyoo vipakwe chokaa, vitabu vipangwe, kengele ilie kwa wakati. Kisha anainua macho na kutabasamu.

"Maabara sina wasiwasi nayo. Mama, kama mwaka juzi. Ing'ae. Na kesho na keshokutwa hakuna mambo ya alfajiri. Watoto walale."

Tindikali anaitikia kwa kichwa. Mikono yake ameificha ndani ya mifuko ya koti.

Jioni, nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya kibanda cha mumewe, chakula kinapoa mbele yake. Mumewe ni fundi wa baiskeli, mtu wa mzaha, na ndiye binadamu wa kwanza aliyeambiwa siri ile. Analizungusha gurudumu lililopinda huku akimtazama mkewe kwa pembeni.

"Mama watoto, kula. Hao wakaguzi hawatakula badala yako."

"Nikisafisha, tumekwisha. Nisiposafisha, mkuu ataniona nimeidharau amri yake. Nikisema habari ya alfajiri, wanamwajibisha yeye. Nisiposema, shule inafungwa. Niambie nishike lipi."

"Mficha uchi hazai," anasema mumewe.

"Hiyo ni methali. Mimi nataka jibu."

"Jibu ni hilo hilo. Sema kwa mkuu kwanza. Akikufukuza, njoo huku, kuna mnyororo wa kusafisha." Anacheka peke yake. Mkewe hacheki, lakini anavuta sahani.

Usiku huo, anakiri baadaye, hakufumba jicho. Kila alipogeuka aliona mkono wake ukisugua meza.

*

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, mkuu wa shule anapita kukagua kabla ya kukaguliwa. Anafungua mlango wa maabara na kusimama kizingitini.

Doa la zambarau liko pale pale. Meza ya pili ina alama nyeusi ya kuungua. Chupa zenye pembe zilizomeguka zimepangwa mbele, lebo zimefifia, na kwenye msumari yananing'inia makoti kumi na mawili yenye matundu. Sakafu imefagiliwa, hiyo hakuweza kujizuia.

"Mama. Nini hiki? Wako njiani!" Ameshavua saa ya mkono, ameshakunja mikono ya shati. "Lete maji. Lete kitambaa."

"Maji hakuna, mkuu. Saa hizi hakuna."

"Basi mate! Kitu chochote!"

"Mkuu, naomba ukae."

Alikaa, labda kwa sababu katika miaka yote hiyo hajawahi kuamrishwa na mtunza maabara. Naye akamwambia yote, amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja kitu. Msasa. Vanishi. Seti mpya. Sentensi ya kwenye ripoti. Sita badala ya mbili.

Mkuu aliitazama sakafu iliyofagiliwa. "Kwa hiyo tulianguka kwa usafi," alisema mwishowe.

"Kwa usafi na kwa kunyamaza. Usafi ni wangu. Kunyamaza ni kwetu sote."

"Miaka miwili, mama! Miaka miwili unanikalia kimya?"

"Niliogopa. Ulinisifia mbele ya watoto."

Alinyanyuka, akaenda meza ya nne, akaligusa doa kwa kidole kama anayepima rangi iliyokauka. Akavaa saa yake. Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo.

"Acha ilivyo," alisema. "Habari ya alfajiri, wasipouliza, usiseme. Wakiuliza..." Hakuimaliza. Honi ilikuwa imelia getini.

*

Wakaguzi ni wawili. Mwanamume mnene anayepiga picha kila kitu, na mwanamke wa makamo, kiongozi wake, mwenye miwani iliyofungwa uzi na daftari la jalada jekundu. Wanafika maabara saa nne na dakika kumi. Tindikali amesimama karibu na sinki. Kazi yake siku ya ukaguzi ni kusimama. Mtunza maabara haulizwi, anaulizwa mwalimu.

Mwanamke anazunguka polepole. Anapita meza ya pili, anapita ya nne, anarudi ya nne. Anaandika. Anafungua daftari la kumbukumbu za maabara: kurasa tupu za miaka minne. Anaandika tena, na safari hii kalamu inakwenda haraka. Mwalimu wa kemia na mkuu wa shule wanamfuata hatua mbili nyuma.

Kisha anafungua bomba. Halitoi hata tone.

"Maji?" anauliza, bila kumtazama mtu.

Mwalimu anamtazama mkuu. Mkuu anatazama nje ya dirisha, ambako hakuna kitu cha kutazama.

"Yanakuja alfajiri," anasema Tindikali.

"Na wanafunzi?"

"Na wanafunzi pia."

Mkaguzi anavua miwani, inabaki ikining'inia kifuani. "Mkuu wa shule, waraka unasemaje?"

"Unasema saa moja, mheshimiwa." Sauti imekauka kama bomba.

"Na hapa?"

"Mama," Tindikali anaingilia, na mdomo uliompa jina unafanya kazi yake kabla hajauzuia, "maji hayajausoma huo waraka."

Mpiga picha anakohoa kuficha kicheko. Mkaguzi hacheki. Anauliza kama kuna ushahidi wowote wa hayo, kwa maana maneno kila shule inayo. Mkuu anaanza kueleza, anajikwaa.

Tindikali anavua funguo shingoni. Chini kabisa ya kabati, nyuma ya mizani mbovu, anatoa madaftari manane ya shule yaliyofungwa kwa kamba. Anayaita madaftari ya ndoo. Hata baada ya amri ya kutoandika, yeye aliendelea kuandika kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu asingejua nani amemaliza maji. Kila alfajiri kwa miaka tisa: tarehe, kundi, saa maji yalipofika, ndoo ngapi, nani kavunja nini. "Ndoo 17. Maji yamechelewa. Wa meza ya 5 kavunja mrija wa bureti, kalia, nimemwambia si msiba."

Mkaguzi anasoma ukurasa mmoja. Anafunua mwingine. Anasoma kwa kusimama mpaka mpiga picha anatafuta stuli ya kukaa.

"Haya yalikuwepo mwaka juzi?"

"Yalikuwepo."

"Kwa nini hamkuyaonyesha?"

Mkuu wa shule anajibu safari hii, na anajibu akimtazama usoni. "Mimi nilikataza majaribio yasiandikwe. Kosa ni langu, si la mama huyu."

Mkaguzi anafunga daftari jekundu. "Maji yanafika saa ngapi?" anauliza.

"Saa kumi na nusu," anasema Tindikali. "Yakiamua."

Mkaguzi aliliweka daftari kwapani. Alitoka kwenda kukagua maktaba.

*

Hakuna aliyejua maana yake. Chumba cha walimu kiligawanyika. Wengine walisema shule imepona. Wengine walisema mkuu ameshapata barua, imebaki kupigwa muhuri. Tindikali alikaa stoo mpaka jioni, akihesabu chupa ambazo idadi yake anaijua.

"Nilifikiri nimemzika mkuu wangu akiwa hai," anasema. "Mtu amebakiza miaka mitatu. Mimi na mdomo wangu."

Kabla ya kengele ya mwisho mkuu alipita mlangoni. "Kesho watoto waje kama kawaida," alisema, akaendelea na safari yake.

Ijumaa, saa kumi na nusu alfajiri, Tindikali ameinamia sinki. Kimya. Saa kumi na dakika hamsini, kimya. Saa kumi na moja wanafunzi wanaingia, na mkuu wa shule yuko kati yao na tochi, amevaa tai. Ndoo kumi na sita ziko tupu. Mbili zina maji, alizificha tangu jana chini ya meza, kwa sababu, anasema, mtu aliyezaliwa jana ndiye anayeliamini bomba.

Saa kumi na moja na dakika saba taa za gari zinaangaza ukuta.

Mkaguzi anaingia peke yake, amevaa raba na kitenge mabegani. Anasalimia, anakaa kwenye stuli ya nyuma, karibu na makoti. Mwalimu anaandika ubaoni, chaki inakatika mara mbili. Tindikali anagawa maji kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, na macho yake yanakwenda kwenye bomba na kurudi.

"Hapo ndipo nilipomwomba Mungu kwa sauti," anasema. "Nilisema, leo tu. Kesho likauke mpaka kiama, ila leo tu."

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu bomba linakohoa.

Kabla yeye hajageuka, yule msichana wa meza ya kwanza ameshaweka ndoo. Wa meza ya pili amesimama nyuma yake, halafu wa tatu. Hawajaambiwa. Wanapanga foleni kama walivyopanga kila wiki tangu wafike shule hii, kimya, kila mmoja kwa zamu yake. Ndoo zilizojaa zilikuwa kumi na moja tu asubuhi hiyo. Zimeandikwa.

Mkaguzi alikaa mpaka maji yalipokatika. Alimuuliza msichana maswali mawili kuhusu rangi ya mchanganyiko wake, akajibiwa. Alipokuwa anatoka alisimama meza ya nne.

"Hili doa ni la nini?"

"Pamanganeti. La juzi."

"Linatoka?"

"Linatoka," alisema Tindikali. "Nikitaka."

Mkaguzi alimtazama kidogo, akarekebisha kitenge, akaenda zake.

*

Majibu yatatoka baada ya wiki sita. Mkuu wa shule ameambiwa aandike maelezo kuhusu waraka, na ameshaandika kurasa tatu, kwa mkono, kwa ile kalamu nzuri kati ya tatu. Anasema anaweza kupoteza cheo. Anasema pia kwamba tangu Alhamisi analala.

Tindikali halali. Amerudi kupiga hesabu, sita, saba, labda tisa, na kila hesabu inaishia na msichana wa meza ya kwanza amekaa nyumbani "kwanza". Maji yakichelewa kidogo tu, anarudi kutega sikio kwenye bomba.

Ana mpango, na hausubiri ripoti. Ameandika barua ya ombi, ya kwanza katika miaka yake ishirini na saba ya kazi: tangi moja la lita elfu tano na mabomba ya kulijaza alfajiri bila mtu. Amepima mwenyewe kwa hatua mahali litakapokaa, nyuma ya ukuta wa maabara, kwenye kivuli.

"Sitaki sifa tena, zile za kwanza zimenitosha," anasema. "Nataka tangi. Watoto walale mpaka jua litoke, waje saa tano kama ratiba inavyosema, wachafue meza zangu mchana kweupe, kila mtu anaona."

Ni saa kumi na mbili na nusu, bomba limekauka. Anachukua kitambaa, anafuta meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne anapunguza mwendo. Anafuta kona, anafuta ukingo, anafuta pande zote nne za doa la zambarau kwa uangalifu wa mtu anayepaka rangi dirisha bila kugusa kioo.

"Hili nalizungukia tu," anasema, "mpaka majibu yatoke."